Nimejinyima miezi mitatu na kolesteroli bado iko juu, na nyumbani wanadhani naficha ugonjwa mwingine

BARUA

Dada mshauri, salamu kutoka Kisumu. Huwa nasoma majibu yako kwa simu hapa kwa kibanda saa tisa hivi wateja wakipungua, na leo imenibidi na mimi niandike juu nimeshikilia hii kitu peke yangu mpaka usingizi umeisha.

Niko na miaka 41, watoto watatu, wasichana wote. Nauza chapati, ndengu na samaki wa kukaanga hapa Nyalenda, huu ni mwaka wa kumi na moja. Baba watoto anafanya kazi Nakuru, huja mwisho wa mwezi. Mama mkwe yuko na sisi tangu Januari, alitoka Yala kuja kutolewa mtoto wa jicho, macho yamepona lakini bado kuna kliniki anaenda kwa hivyo hajarudi dala.

Sasa mwezi wa tatu kanisa letu lilileta madaktari wapime watu bure baada ya ibada. Mimi nilipanga laini tu juu nilikuta jirani yangu amesimama. Presha sawa, sukari sawa, wakatoboa kidole tena wakaniambia kolesteroli iko juu, niende hospitali nipimwe vizuri asubuhi kabla sijakula. Nikaenda. Karatasi ikatoka: jumla 7.4, na ile wanaita LDL, ile mbaya, 5.3. Daktari akaniangalia juu mpaka chini akasema, "Mama, na vile uko mwembamba hivi." Mimi mwenyewe nilikuwa najua kolesteroli ni ya wadosi wenye vitambi, watu wa nyama choma kila wikendi. Mimi nyama naiona Krismasi na kwa matanga.

Akaniuliza kama kwetu kuna mtu ako na shida ya moyo, nikasema hapana. Sikudanganya dada, kwetu hakuna mtu amewahi kupimwa hiyo kitu. Lakini usiku ndio nikaanza kufikiria. Baba yangu alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, alikuwa na miaka 49, mimi niko darasa la saba. Kaka yangu mkubwa alikuwa dereva wa lori, alilala Eldoret akiwa mzima hakuamka, miaka 46, sasa ni mwaka wa nne. Vifo vyote viwili watu walisema ni baba yetu mdogo, juu ya maneno ya mpaka wa shamba. Tangu tuzike kaka yangu hakuna mtu kwetu anamsalimia huyo mzee. Hata mimi.

Nikamwomba daktari anipe miezi mitatu nijaribu na chakula kwanza. Akakubali ila akasema nisipitishe hapo. Dada, nilijinyima. Niliacha mayai, avokado, njugu, samaki, nyama, maziwa. Kila asubuhi maji moto na kitunguu saumu na ndimu. Nikaacha boda nikawa natembea kutoka hapa mpaka Kibuye kutafuta unga na kurudi. Nikanunua mtungi wa mafuta ya kupika lita 20 umeandikwa hauna kolesteroli, ghali kuliko yale nilikuwa napimiwa. Nimepunguza kilo saba na sikuwa nazo za kupunguza. Juzi nimepimwa tena: LDL 4.7. Nililia kwa choo ya maabara mpaka mtu akabisha. Daktari akasema sasa tuanze dawa, na pengine itakuwa ya maisha.

Nikanunua ya mwezi mmoja nikaficha ndani ya kopo la unga wa wimbi. Nilificha juu tayari watu wanaangalia vile nguo zinanilegea, na huku kwetu unajua mtu akikonda alafu aonekane na dawa ya kila siku watu husema nini. Mama mkwe alikuwa anatafuta unga wa uji akaipata. Hakuniuliza. Aliirudisha pahali ilikuwa, akafunika, na asubuhi yake tukichambua mboga ya osuga akaniita tu kwa jina la kwetu, "Nyar Alego, mwanangu anajua?" Nikanyamaza. Jioni hiyo baba watoto akapiga simu, "Unakunywa dawa gani za kujificha?" Nikasema za tumbo. Mwisho wa mwezi huu hakuja, anasema kazi ni nyingi.

Na sijameza hata moja.

Kitu ingine inanisumbua ni kazi. Kuna mzee fundi wa viatu anakula kwangu chapati mbili na samaki kila siku ya Mungu, miaka sasa. Siku hizi nikimgeuzia samaki kwa karai nasikia kama namuua. Lakini hii karai ndio inasomesha, wa kwanza yuko kidato cha tatu. Nikifunga tutakula nini?

Niambie dada. Nimeze hizi dawa ama nijikaze na chakula miezi mingine mitatu? Na nitamwambia nini mume wangu saa hii nimeshadanganya? Karatasi ya kwanza bado niko nayo, nimeikunja chini ya kopo la chenji, imeingia mafuta mpaka ukiishikilia kwa dirisha unaona mwanga.

Mama Chapo, Nyalenda

JIBU

Mama Chapo dada yangu, wacha nianze na hiyo 4.7 iliyokuliza chooni, juu naona umeisoma kama matokeo ya mtihani ulioanguka. Kutoka 5.3 mpaka 4.7 umeshusha zaidi ya sehemu moja kwa kumi, na kwa watu wengi hapo ndipo chakula hufika mtu akijitahidi kweli. Wako wanaoshusha zaidi, lakini mtu aliyeanzia 5.3, hata ajinyime namna gani, mara nyingi chakula peke yake hakimfikishi pale daktari anataka. Kwa hivyo daktari akisema tuanze dawa hakuwa anakuambia umeshindwa. Pengine hakukuelezea vizuri, ama alielezea na wewe ulikuwa ushaanza kulia ndani kwa ndani husikii.

Unauliza mambo matatu, dawa, mume na kibanda, na nitayafikia yote. Lakini kuna la nne kwa barua yako ambalo hukuliuliza, na mimi nimerudi kwalo mara nyingi. Ni baba yako na kaka yako.

Kolesteroli nyingi iliyo kwa damu ya mtu haitoki kwa sahani, inatengenezwa na ini lake mwenyewe juu mwili unaihitaji. Ikizidi, ini linatakiwa liivute tena kutoka kwa damu, na kwa hiyo kazi lina kama vimilango vidogo vya kupitishia LDL. Wamarekani wawili, Michael Brown na Joseph Goldstein, ndio waliofumbua hiyo siri ya vimilango wakapewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1985. Na kuna watu huzaliwa vimilango vyao ni vichache ama havifanyi kazi vizuri, LDL inabaki ikizunguka kwa damu tangu utotoni, ikijibandika kwa kuta za mishipa pole pole miaka na miaka bila maumivu yoyote. Mtu wa hivyo anaweza kuwa mwembamba, asile nyama, atembee kila siku, na bado karatasi isome juu. Hukadiriwa ni kama mtu 1 kwa kila 250, na wengi wao hawajui. Na inarithiwa, mzazi mmoja akiwa nayo kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Madaktari huanza kuishuku hiyo hali ya kurithi LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 kwenda juu, hasa kwao kukiwa na mtu wa damu aliyeangushwa na moyo mapema, mwanaume kabla ya miaka 55 ama mwanamke kabla ya 65. Wewe ulianza na 5.3. Baba 49, kaka 46, wote ghafla. Mimi siwezi kukaa hapa nilipo niseme nini iliwaua, na hata daktari leo hawezi kuapa. Lakini daktari wako hajui habari zao kabisa, juu alipouliza kuhusu moyo ulimjibu hapana, na ulijibu kweli kwa vile ulikuwa unaelewa swali. Je, ukirudi umwambie tu vile walikufa, umri na vile ilitokea, bila kusema ni moyo ama si moyo? Hiyo habari inaweza kubadilisha vile anaisoma hiyo karatasi, na anaweza pia kutaka kupima tezi ya shingo na figo, juu hizo zikiwa na shida nazo hupandisha kolesteroli.

Kuhusu baba yenu mdogo sikuambii ufanye nini, huo ni mzigo wa ukoo mzima na mimi niko nje. Nakuuliza tu. Kama ingetokea kwamba ni kitu cha damu, kilichomwangusha baba yako kikamfuata mtoto wake, ungetaka kujua mapema huyo mzee akiwa bado hai? Kaka yako aliacha watoto? Una dada ama ndugu mwingine? Hao ndio wa kupimwa haraka kuliko mtu yeyote, pamoja na hao wasichana wako, kipimo hata watoto hufanyiwa. Najua ukienda kwenu na hizo habari watu wengine watasema umenunuliwa, ama umeletwa umsafishe mzee. Hiyo hatari iko. Unaweza kuanza na mmoja tu unayemwamini, umwambie akapimwe, usitaje mzee kabisa.

Sasa chakula, na hapa nitakugombeza kidogo kwa mapenzi. Dada, ulijinyima mpaka vitu vilivyokuwa vinakusaidia. Avokado si adui yako, mafuta yake ni ya ile aina inayosaidia kushusha LDL, na huku magharibi ni tunda la kuokota tu. Njugu hivyo hivyo, konzi moja isiyo na chumvi nyingi. Samaki mwenyewe hana shida, shida ni yale mafuta anaogelea ndani, umchemshe na nyanya na dhania ama umchome kwa makaa umle bila woga. Mayai yanaogopwa kuliko yanavyostahili, yai ukila mara chache kwa wiki halijengi hiyo 5.3, ingawa ikithibitika ni ya kurithi daktari anaweza kukupimia. Kinachopandisha zaidi ni mafuta mazito, yaani samli, mafuta ya mgando, krimu, mafuta ya nyama, ngozi ya kuku. Kwa hivyo ile osuga ya mama mkwe haina makosa, angalia tu krimu na mo nyaluo, ile samli ya kienyeji, anayomalizia nayo juu. Na kitunguu saumu na ndimu kama unavipenda endelea, havina ubaya, lakini nguvu yake ni kidogo sana, usiviwekee matumaini yako yote.

Na huo mtungi wa lita 20, niliskia uchungu. Mafuta yoyote ya mmea hayana kolesteroli, hata yale ulikuwa unapimiwa dukani kwa kikombe hayakuwa nayo, kolesteroli ni ya wanyama tu. Hayo maandishi ni ya kuuza. Geuza mtungi usome nyuma yametengenezwa na nini. Kama ni ya mawese, na mengi ya bei nafuu hapa Kenya ni ya mawese hata yakiwa ya kumiminika, basi sehemu kubwa yake, kwenda karibu nusu, ni ile aina nzito inayopandisha LDL. Ya alizeti ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Tofauti ya bei naijua na sikuambii ukaangie kibanda kizima alizeti, lakini ile sufuria ndogo ya nyumbani inaweza kuwa na chupa yake.

Alafu kuna kitu kinanishangaza, wewe unapika ndengu kila siku kwa wateja na hukuzitaja kabisa kwa chakula chako! Ndengu, maharagwe, kunde, hizo ziko na nyuzi zinazoshika kolesteroli tumboni zikatoka nayo. Apoth pia, yaani mrenda, ule utelezi wake ni nyuzi za jamii hiyo hiyo. Bakuli ya ndengu isiyo na mafuta mengi, apoth ama mboga ya dek, ugali wa wimbi au mtama, avokado nusu pembeni. Ukila hivyo utashiba na hizo kilo zitarudi kidogo, na dada, hizo kilo saba ndizo zimeleta nusu ya maneno kwa nyumba yako. Mtu mwembamba hakuhitaji kukonda. Kutembea mpaka Kibuye endelea hivyo hivyo, moyo unakushukuru hata kama LDL haishuki sana kwa kutembea.

Tukuje kwa kopo la unga. Umesema watu husema nini mtu akikonda na kumeza dawa kila siku, na hukuliandika hilo neno, hata mimi nimekuelewa. Wacha tuliandike: unaogopa watadhani ni virusi vya UKIMWI. Huo woga nauelewa kabisa. Lakini hata ingekuwa ni hiyo, wako watu wengi hapo hapo Nyalenda wanameza zao kila jioni, wanalea, wanajenga, na hakuna aibu. Nakuuliza tena kitu. Una hakika mama mkwe ndiye alipiga simu Nakuru? Inaonekana hivyo, naona. Ama ni mumeo aliona picha yako ama jirani alimpigia? Na hata kama ni yeye, angalia alichofanya. Alipata dawa, akairudisha, akafunika kopo. Hakupeleka kwa majirani. Akangoja mko wawili mkono kwa mboga, akauliza swali moja. Wewe umelisikia kama mashtaka. Mimi nikilisoma naona pia mama mzee aliyeogopa, ambaye mkamwana wake anaisha mbele ya macho yake, macho yenyewe ndiyo kwanza yamefunguka. Pengine nimekosea, wewe ndiye unaishi naye. Lakini yeye ni mtu anayeenda kliniki mwezi kwa mwezi, anajua dawa, anajua karatasi. Inawezekana akawa mwepesi kuelewa kuliko unavyomdhania.

Mume sasa. Kwa simu unaweza kumwambia leo leo na roho ikapumzika, lakini simu ndiyo ilibeba lile la tumbo, na kwa simu hakuna karatasi ya kuonyesha. Unaweza kungoja aje, lakini mwezi huu hakuja, na shaka ikilala huwa inanenepa. Unaweza kumfuata Nakuru siku mbili, umwachie mtu kibanda, utapoteza mauzo na nauli, ila utakuwa na karatasi zote mbili na hiyo pakiti mkononi, jina la dawa limeandikwa, mfamasia yeyote atamsomea ni ya nini. Ama umwite kwa tarehe ya kliniki, amsikie daktari mwenyewe. Wanaume wengine huamini zaidi hivyo, wengine huona wamepelekwa kusemeshwa, unamjua wako. Akitaka mpimwe virusi nyote wawili ili moyo wake utulie, hilo pia linawezekana, fikiria tu mapema kama uko tayari kwa lolote litakalotoka upande wowote. Na hilo la uongo, nadhani lisemwe kwanza kabla ya kolesteroli, kwa maneno yako ya kawaida: nilisema za tumbo, haikuwa kweli, niliogopa. Sijui kama atakasirika. Anaweza. Lakini mtu aliyekuwa analala akifikiria mabaya zaidi, kuambiwa ni mafuta ya damu wakati mwingine ni afueni.

Dawa zenyewe. Hukutaja jina, nadhani ni za jamii ya statini, ndizo huanzishwa mara nyingi. Naona unazifikiria kama kinyume cha chakula, kwamba ukimeza umekubali kushindwa. Zinafanya kazi pamoja. Dawa inapunguza ini kutengeneza na inaliongezea vile vimilango, inaweza kushusha LDL kwa theluthi hadi nusu kulingana na dozi, na chakula kinaongezea hapo. Chanzo chake ni kuvu, mwanasayansi wa Japani Akira Endo alikuwa akichunguza kuvu miaka ya 1970 akapata ya kwanza ya aina hiyo, na zimetumika hospitalini tangu 1987. Si kitu kipya cha kujaribiwa kwako. Ubaya uko pia na usifichwe: wengine huumwa misuli, sukari inaweza kupanda kidogo kwa wengine, na ukisikia maumivu mwilini ambayo huelewi ama mkojo umegeuka rangi nyeusi unarudi kwa daktari haraka, huachi kimya kimya. Huwa wanakupima tena baada ya mwezi mmoja mpaka mitatu kuona kama zinashika.

Kuna jambo moja hukusema na sijui kama linahusu. Wasichana watatu, na mama mkwe nyumbani, maswali ya mtoto wa kiume najua hayakosi. Hizi dawa kwa kawaida husimamishwa mwanamke akiwa mjamzito au akitafuta mtoto. Kama hilo liko kwa mipango, hata kama ni la kunong'onezwa tu, daktari alijue kabla hujameza ya kwanza.

Ukichagua kungoja miezi mingine mitatu na chakula kilichorekebishwa, si upumbavu, mishipa haizibi kwa miezi mitatu na unaweza kushuka tena kidogo. Hatari ni kwamba miezi mitatu huzaa mingine mitatu, na kama ni ya kurithi basi umeibeba miaka 41 tayari. Ukichagua kuanza, hatari ni kuanza ukiwa umejificha, juu dawa ya kujificha husahaulika, leo mgeni yuko jikoni, kesho mama yuko karibu na kopo, mwisho unameza mara mbili kwa wiki na daktari anadhani imekataa kufanya kazi. Ndiyo maana kwangu mimi hili la dawa na lile la mume siwezi kulitenganisha, ingawa wewe umeyaandika kama maswali mawili.

Na mzee wa viatu. Hukumfungulia mdomo ukamlisha, lakini naelewa unachosikia ukimgeuzia samaki, na sitaki nikuambie uache kusikia. Huna haja ya kufunga. Mafuta ya karai yakishakuwa meusi na kutoa moshi usiyaongezee mapya juu, yamwage, yakichomwa tena na tena huharibika. Najua hapo ndipo faida ilipo, pengine uanze kwa kukaanga kidogo kidogo ili yasikae. Samaki akitoka muweke kwa waya achuje kabla ya sahani. Chapati ile ya kukunja, mafuta unayopaka ndani kabla ya kuviringa jaribu nusu, wiki moja, uone kama kuna mtu atasema. Na sufuria moja ya samaki wa kuchemsha pembeni, kidogo tu, pengine itabaki siku za kwanza mkaila nyumbani, wateja wa Nyalenda wanapenda walichozoea. Huyo mzee mkaribishe nayo. Anaweza kukataa. Anaweza pia kuwa alikuwa anangoja mtu amuulize presha yake iko wapi.

Niandikie ukishaongea na baba watoto, hata kama hayakwenda ulivyotaka. Na hiyo karatasi ya chini ya kopo la chenji usiitupe hata kama imejaa mafuta, piga picha kwa simu nambari zikiwa bado zinasomeka. Kama una ndugu mwingine, siku akienda kupimwa daktari wake atataka kuiona.